Kifungu kimoja katika wosia wangu

Mwezi uliopita nilitia saini wosia wangu mbele ya mashahidi wawili. Sehemu kubwa ya mali yangu inakwenda kwa wanangu, kama nilivyokusudia siku zote, lakini kimo kifungu kimoja kinachoiachia Amnesty International, shirika la kimataifa la kutetea haki za binadamu, sehemu moja ya kumi ya kitakachobaki baada ya madeni yangu na gharama za mazishi kulipwa. Nimejitolea katika shirika hilo kwa miaka 38, na kifungu hicho, chenye sentensi mbili tu, kilinichukua miaka mitatu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika barua. Shirika lilianzishwa mwaka 1961, baada ya mwanasheria Peter Benenson kuchapisha katika gazeti la The Observer la Uingereza makala ya kuwatetea watu waliofungwa kwa sababu ya maoni au imani yao, na tangu mwanzo nguvu yake ilikuwa watu wa kawaida walioandika, kwa adabu na bila kuchoka, kwa mawaziri, majaji na wakuu wa magereza. Mwaka 1973 profesa Luiz Basilio Rossi alikamatwa nchini Brazili, iliyokuwa ikitawaliwa na wanajeshi, na kwa ajili yake ukatolewa wito wa kwanza wa dharura wa kuwaomba watu waandike mara moja. Barua zilimiminika, na baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba kesi yake ilipojulikana hadharani alitambua kuwa hawangeweza tena kumuua. Hicho ndicho kisa cha kwanza nilichosimuliwa nilipojiunga, na kilinikalisha mezani jioni nyingi sana.

Majibu, hata hivyo, ni haba. Nimeandika mamia ya barua, na zilizojibiwa hazifiki kumi. Nadhani ndiyo maana wazo la wosia halikunitisha: nilikwisha kuzoea kupeleka kitu mahali nisipopaona, kwa ajili ya mtu nisiyemjua, bila kupata habari ya kilichotokea.

Jambo lililonifikirisha zaidi ni namna ya kutoa. Mwanzoni nilitaka kuandika kiasi maalumu cha fedha, lakini wakili alinionyesha kwamba kiasi kinachoonekana kikubwa leo huliwa na kupanda kwa bei, na tena mali ikipungua kwa ugonjwa au uzee, kiasi hicho hulipwa kwanza na wanaoumia ni warithi wanaogawana mabaki. Fungu la mabaki hupanda na kushuka pamoja na mali yenyewe. Nilitaka pia fedha zitumike kupinga adhabu ya kifo peke yake, kwa kuwa ndiyo kampeni niliyoipenda kuliko zote. Mwaka 1977 nchi zilizokuwa zimeifuta kabisa zilikuwa 16, na sasa zimepita 110, kwa hiyo huenda siku moja, Mungu akijalia, kazi hiyo ikamalizika. Tena hatari mpya huzuka bila kutarajiwa: aliyeandika barua mwaka 1961 hangeweza kuota kwamba wanaharakati wangekuja kupelelezwa kwa programu zinazoingizwa katika simu zao. Kwa hiyo niliondoa sharti hilo ili shirika lenyewe liamue, na bado naona nilifanya sawa. Shirika halipokei fedha za serikali kwa kazi yake ya kuchunguza na kupinga uvunjaji wa haki, kwa hiyo anayekwenda kuwahoji walioshuhudia uvunjaji huo hulipiwa na watu kama sisi.

Mengine ni ya kisheria na hayana ugumu, ingawa sheria za mirathi hutofautiana kati ya nchi na nchi: jina kamili la shirika kama lilivyosajiliwa, msimamizi wa mirathi anayeaminika, na mashahidi wasio na fungu lolote katika wosia. Zipo sheria zinazowatengea watoto sehemu isiyoguswa, na kwa Mwislamu wasia hauvuki theluthi ya mali.

Kilichonichelewesha miaka mitatu ni kuwaambia wanangu. Niliogopa wangeona kwamba shirika lililowanyima jioni zangu wakiwa wadogo sasa linawapunguzia na urithi. Mwanangu wa kwanza alisema hivyo hivyo, bila kuficha, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu jioni hizo kweli zilikuwa zake. Nilileta jalada lenye nakala za barua nikaliweka mbele yake. Alisoma kimya muda mrefu, kisha akainua moja, iliyoandikwa mwaka aliozaliwa, akaniuliza kama mfungwa yule aliachiwa. Nilimwambia sikupata kujua. Akaligeuza jina lile kinywani mara mbili, akairudisha barua mahali pake, akachukua inayofuata.

Kesho yake asubuhi nilimpigia wakili simu.