Jinsi nilivyowafanya wapiganaji wa gemu yetu waanze kuongea

Nilipojiunga na kikundi kidogo kilichokuwa kikitengeneza gemu ya mapigano ya mtandaoni, mapigano yenyewe yalikuwa yameshaiva. Unakwepa, unapangua, unarudisha pigo, jitu linayumba, skrini inatetemeka kidogo. Waliojaribu gemu mapema walikuwa wakilalamika kwamba padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, haitoki mikononi. Kilichokosekana ni ujirani. Watu wanne wanaingia vitani pamoja, wanaliua jitu, kila mmoja anaokota ngawira yake na kushika njia yake bila hata salamu. Wakikutana tena hawakumbukani. Kazi niliyopewa ilikuwa kutafuta namna ya kuwafanya wafahamiane bila kuyaharibu mapigano, na hilo la pili ndilo lililokuwa na miiba.

Mwandishi wa kodi za mapigano, yaani maagizo ya kompyuta yanayoyaendesha, alinipokea kwa onyo: "Kaka, fanya utakalo, lakini kasi usiniguse." Dada aliyekuwa akiwasimamia wachezaji wa majaribio yeye alitaka kila kitu: chati kubwa ya kuandikiana, orodha ya marafiki, mitindo ya kucheza ngoma, nyumba za kupamba. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiyepata mwenzake mapema haonekani tena. Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana mabishano yao hayakuwa yakiisha. Nikaamua kwanza nitazame watu wakicheza.

Nilichotazama zaidi ni mikono. Mchezaji wa padi, kidole gumba kimoja kinaendesha miguu ya mhusika, kingine kinageuza kamera au kupiga, na vidole vya shahada vimeganda kwenye vitufe vya nyuma. Anayetumia kibodi ana nafuu ya jina tu, kwa sababu mkono anaotembelea ndio huohuo ambao angeuandikia. Kwenye gemu yetu nafasi ya kukwepa pigo kubwa ilikuwa kama theluthi moja ya sekunde, na binadamu wa kawaida huhitaji karibu robo sekunde kuona kitu na kubonyeza kitufe. Kinachobaki kwa ajili ya soga ni sifuri. Mshika mawili moja humponyoka: nilimwona mchezaji akiuawa akiwa katikati ya kuandika "asante" kwa aliyemwinua punde tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini gemu za zamani zilikuwa na gumzo jingi. MUD, gemu ya wachezaji wengi iliyoanzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex na Roy Trubshaw na Richard Bartle, ilikuwa maandishi matupu. Kupigana ni kuandika, kuongea ni kuandika, kwa hiyo mkono haukulazimika kuchagua. Kwenye EverQuest ya mwaka 1999, mlozi aliyeishiwa nguvu alikaa chini na kungoja zirudi, na kikosi kizima kilingoja naye. Watu walilalamikia kungoja kule, lakini ndiko walikofahamiana. Hata World of Warcraft ina pumziko la sekunde 1.5 kati ya mbinu nyingi, na Final Fantasy XIV ina sekunde 2.5. Si muda mrefu, ila mtu mwenye vidole vyepesi anapenyeza neno. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wachezaji wa zamani walikuwa waungwana kuliko wa leo. Gemu zao ziliwaachia mikono.

Kisa nilichokirudia mara nyingi mbele ya wenzangu ni cha Star Wars Galaxies, iliyotoka mwaka 2003. Mpiganaji aliyechoka alilazimika kwenda kwenye baa, akakaa, akamtazama mcheza ngoma au mpiga muziki, na uchovu wa vita ukamwondoka. Mcheza ngoma huyo alikuwa mtu halisi mwenye kazi yake ndani ya gemu. Novemba 2005 watengenezaji waliibadilisha gemu kwa kishindo: mapigano yakawa ya kulenga na kufyatua, na fani zaidi ya 30 zikapunguzwa hadi 9. Wachezaji wengi waliondoka kwa hasira. Mwenzangu wa kodi alikiona kisa hiki kama ushahidi kwamba vita vya kasi na maisha ya kijamii havikai nyumba moja. Mimi nilikiona vingine: watu wale walinyang'anywa sababu ya kuhitajiana, na kasi ikasingiziwa.

Basi nikapendekeza tuache kabisa kutafuta mahali pa kubandika chati kwenye skrini ya vita. Tutenganishe mambo haya mawili kwa wakati. Vita viwe vita, kisha pawe na pumziko la lazima, kisha vita tena. Left 4 Dead ya mwaka 2008 ilikuwa imeshaonyesha njia: kuna mfumo ndani yake unaopima jinsi wachezaji walivyobanwa, na wakishafika kileleni unawaachia wapumue kabla ya kuwaletea kundi jingine.

Kwetu tulifanya hivi. Jitu likipoteza sehemu fulani ya uhai linakimbia. Kikosi kinalifuata hadi kwenye lango la mawe ambalo halifunguki mpaka wote wanne wafike, na kuanzia hapo hakuna adui njiani kwa kitambo kidogo. Silaha zinajinoa zenyewe wakati huo, mhusika amechuchumaa, nawe huna cha kubonyeza. Mikono iko huru. Sehemu ya kuandikia inajitokeza yenyewe, kubwa na katikati, na vita vikianza inajikunja.

Mwandishi wa kodi alikasirika, kama nilivyotarajia. Akaniambia nimempa mchezaji foleni. Nikamwomba afikirie upande wa pili: mtu aliyepumzika anaweza kustahimili pigo kali zaidi, kwa hiyo ana ruhusa ya kulifanya jitu liwe katili kuliko zamani katika kila awamu. Siku iliyofuata alikuja na orodha ya mapigo mapya ambayo alikuwa ameyaficha kwa kuhofia kuwachosha watu. Tangu hapo akawa mtetezi wa lango kuliko mimi.

Lililonifurahisha ni maneno yenyewe. Ukiwaweka wageni wanne ukumbini kabla ya vita, mmoja ataandika "habari", mwingine atajibu "poa", na mazungumzo yamekufa. Hawana la kuambiana. Waweke mbele ya lango baada ya kupigwa mkia wa jitu, uone. "Nani aliokoka ule mkia?" "Jamani, mimi nilijirusha kushoto tu, sijui kilichotokea." "Awamu ijayo nifuateni, najua linapoangukia." Vita ndivyo vilivyowapa mada. Kwa hiyo tukahamisha uzito wote wa mambo ya kijamii kutoka kabla ya vita hadi katikati na baada yake.

Baada ya ushindi, gemu ilikuwa na desturi ya kufunika skrini kwa jedwali la alama, halafu inamrudisha kila mtu kwenye menyu. Jedwali tulilipunguza likawa kipande pembeni, na wachezaji wanabaki palepale penye mzoga. Monster Hunter ina desturi hiyo: jitu likishaanguka, kuna kama dakika moja ya kulichuna kabla ya kurudishwa, na ndani ya dakika hiyo watu hupungiana mikono na kuruka ovyo. Tukaongeza kitufe cha "tuendelee pamoja" na kukifanya ndicho kilichochaguliwa tayari, ili anayetaka kuondoka ndiye abonyeze zaidi. Badiliko hilo halikumgharimu mtu kazi ya maana, na sidhani kuna jingine lililozaa marafiki wengi kama hilo.

Ndani ya vita vyenyewe hatukuacha ukimya mtupu. Apex Legends, iliyotoka Februari 2019, ilionyesha kwamba kitufe kimoja kinatosha: unaelekeza, unabonyeza, na mhusika wako anatamka kulingana na kilichoelekezwa, adui, silaha au njia. Asiye na maiki naye anasikika. Phantasy Star Online ilikuwa na wazo la jamaa hiyo tangu mwaka 2000, pale wachezaji walipochagua sentensi zilizotayarishwa na kila mmoja akazisoma kwa lugha yake. Sisi tulichukua kitufe kimoja tu chenye maana zinazobadilika kulingana na unachokitazama. Ukimtazama mwenzako aliyeanguka, kinasema "nakuja". Ukimtazama aliyekuinua, kinasema "asante", na yule marehemu wa kuandika shukrani angesalimika. Tukaweka kikomo, mtu asiweze kukibonyeza mfululizo, maana kuna watu duniani wanaoona kitufe chenye sauti kama kipawa chao.

Hayo yote hayasaidii kama wachezaji wana sababu ya kuchukiana. Ngawira iliyomwagwa chini kwa atakayewahi inavunja urafiki kuliko matusi. Guild Wars 2, tangu mwaka 2012, humpa kila aliyeshiriki fungu lake, na mtu yeyote, awe fani gani, anaweza kumwinua aliyeanguka. Tuliyafuata yote mawili. Kisha tukaongeza pigo moja ambapo jitu linakukamata na huwezi kujinasua mpaka mwenzako alikate mkono. Mtu akikuokoa hivyo, jina lake unalisoma.

Palitolewa pendekezo la kuwapa wachezaji pointi kwa kuongea. Nililikataa papo hapo. Ukilipia maneno utaletewa herufi "aaaa" kwa wingi, na wale walioongea kwa hiari wataonekana kama wanatafuta malipo.

Sauti ilihitaji uangalifu zaidi. Kwa wageni tuliizima tangu mwanzo. Inawashwa kati ya watu wa chama kimoja, au walioongezana kuwa marafiki. Kumnyamazisha mtu ni kubonyeza mara moja, na kitufe chenyewe kinaonekana wakati wa pumziko, sio ndani ya menyu ya tatu. Kuna waliosema tunawanyima watu ukaribu. Ninawakumbusha Journey ya mwaka 2012, ambako wageni wawili husafiri pamoja bila maandishi wala maiki, wana mlio mmoja tu wa kuitana, na bado watu humaliza wakiwa na simanzi ya kuachana. Ukaribu hauanzii kwenye maiki.

Ukumbi ulikuwa na tatizo lake: ulikuwa mkubwa mno. Uwanja mpana, ngazi, sanamu, na watu sita wametawanyika kama wamepotea. Tuliubana. Mhunzi, ubao wa kazi na mlango wa kutokea vikasogezwa karibu hadi watu wakawa wanagongana mabega. Kikomo tuliweka watu 16, idadi ileile ya ukumbi wa Monster Hunter: World. Halafu, kwa wazo la mwandishi wa kodi mwenyewe, tukasimamisha sanamu la mazoezi katikati. Nilidhani litaleta kelele. Kumbe mtu mwenye kitu cha kupiga haoni haya ya kusimama mahali. Wanajipanga kulizunguka, wanajaribu kombo mpya, yaani mapigo ya kuunganisha, na mmoja anauliza, "Hiyo umeifanyaje?"

Wapo pia wasiokuja kupigana kabisa. Bartle aliandika mwaka 1996 kuhusu aina nne za wachezaji: wanaotafuta mafanikio, wavumbuzi, wanaopenda kuwa na watu, na wanaofurahia kuwasumbua wengine. Hao wa tatu hatukuwajengea nyumba za kupamba, ingawa dada yetu wa majaribio bado ananidai hilo. Tuliwapa kazi ya kupika dawa za vita ukumbini, dawa ambazo mpiganaji hawezi kujipikia mwenyewe. Nguvu ya dawa hizo ni ndogo kwa makusudi. Zikizidi, mpiganaji ataona analazimishwa kupiga foleni kwa mpishi, na tutakuwa tumekigusa kile nilichokatazwa siku ya kwanza.

Wanaonilalamikia mpaka sasa ni wale wanaokimbizana na saa, wanaotaka kuua jitu kwa muda mfupi kuliko wote. Kwao lango ni adhabu, na siwalaumu. Tulichofanya ni kuliacha lifunguke mara anapofika mtu wa kwanza, iwapo kikosi chote ni marafiki walioorodheshana tayari, maana hao wanaongea kwa sauti na hawahitaji pumziko langu. Wageni wanaendelea kungojana. Baadhi ya wakimbiaji wamegundua kwamba njia rahisi ya kulikwepa lango ni kuongezana kuwa marafiki kabla ya kuanza, nao wanafanya hivyo kwa kunung'unika. Dada anataka tuwazibie mwanya huo, mwandishi wa kodi anacheka, na mimi nimeomba tuuache.