Sekenke: Dhahabu Iliyogeuzwa Sarafu ya Vita

Abiria wengi wa barabara ya Singida hadi Nzega wanaijua Sekenke kwa mteremko wake. Malori yanashuka taratibu kwa gia nzito, kona baada ya kona, mpaka Shelui kule chini, kwenye bonde la Wembere. Mimi niliteremka Shelui kutafuta mgodi ambao Wajerumani walianza kuuchimba mwaka 1909, miaka mingi kabla mgodi wa Geita haujafunguliwa.

Bodaboda ilinifikisha kwa mzee mmoja aliyechimba maeneo haya tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, usinitangulie. Kanyaga ninapokanyaga mimi." Nilielewa muda si mrefu. Nyasi zilikuwa zimefunika midomo ya maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji, na mengine huyaoni mpaka uwe umeshafika ukingoni.

Mzee aliokota jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi, akalitemea mate na kulisugua kwa kidole. Lilikuwa kwatzi, limejaa vitundu vya mraba vyenye kutu ndani. "Humu ndimo inamokaa," akasema.

Vitundu vile ndivyo vilivyonivuta kuliko kitu kingine chochote siku ile. Miamba ya Sekenke ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mingi ni lava ya kale iliyokandamizwa na kupikwa mpaka ikabadilika. Maji ya moto kutoka chini yalipenya kwenye nyufa zake yakiwa yamebeba dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipokutana na chuma kilichomo kwenye mwamba, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma kuwa pairiti, ile inayong'aa na kuwadanganya wageni. Dhahabu ikabaki imenasa humo humo, ndani ya mishipa ya kwatzi. Karibu na uso wa ardhi, mvua na hewa viliiozesha pairiti ikawa kutu, vikaacha vitundu, na dhahabu ikawa rahisi kuitoa. Ukuta wa bonde tulioushuka kwa basi ni mtoto mchanga mbele ya mawe hayo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walifunga njia ya bahari na koloni likaishiwa sarafu. Mwaka 1916, kwenye karakana ya reli mjini Tabora, Wajerumani walifua dhahabu ya Sekenke kuwa sarafu za rupia 15, zaidi ya 16,000. Upande mmoja zina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Upande wa pili kuna tai wa dola ya Ujerumani. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Leo sarafu hizo zinagombewa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, kila moja ikielezwa uzito wake na mikwaruzo yake. Waliolipasua jiwe lenyewe hawatajwi. Hilo liliniuma nikiwa nimesimama pale, kwa sababu mgodi huu ni historia ya watu waliobeba mawe kama ulivyo historia ya wenye koloni. Sikuona hata kibao kimoja cha kumweleza mpita njia.

Mgodi uliendelea enzi za Waingereza, baadaye ukafungwa, lakini mawe hayajaachwa. Wachimbaji wadogo bado wanafuata mishipa, karasha, mashine za kusagia mawe, zinanguruma, na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yanaoshwa upya. Kinachonitia hofu ni zebaki wanayonasia dhahabu: ikichomwa, mvuke wake huvutwa na mchomaji na wote walio karibu naye.

Ukipenda kwenda, fika kiangazi, ambapo nyasi zimepungua na maduara yanaonekana, na tafuta mwenyeji kabla hujaiacha barabara kuu.