Mwaka wa Korona Tulihamia kwenye Daftari la Madeni

Korona ilipoingia Kenya, kila mtu aligeuka mshauri wa klabu yetu ya Rotary, watu wanaochanga na kujitolea kuhudumia jamii. Mmoja alisema tufunge mpaka dunia itulie. Mwingine, mwanachama wa miaka na miaka, alitaka tukodi lori, tutundike bango lenye nembo ya Rotary, tugawe unga mtaa wa Majengo huku mpiga picha yuko pembeni. Wa tatu alisema hakuna taabu, tuhamie Zoom na mambo yatakwenda kama kawaida. Mwaka ule nilikuwa mweka hazina, na mweka hazina ndiye anayejua bei ya kila ushauri. Nasimulia tulivyofanya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba klabu za huduma zililala 2020. Yetu haikulala. Ilikonda tu.

Klabu ni ndogo, iko kisiwani Mombasa. Kabla ya hapo tulikuwa tukikutana hotelini mchana kila wiki: tunakula, tunatozana faini za utani, tunamsikiliza mgeni, kila mtu anarudi kazini. Kisa cha kwanza kikatangazwa 13 Machi 2020, shule zikafungwa, mahoteli yakafuata, na wanachama wetu wanaoishi kwa watalii wakajikuta nyumbani bila mshahara. Likaja wazo la kukutana jioni uwanjani kwa mmoja wetu, kila mtu kwenye kiti chake mbali na mwenziwe. Lilikufa tarehe 27, siku ya kwanza ya kafyu ya saa moja usiku, watu waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni walipopigwa mabomu ya machozi na virungu. Wenzetu wa Likoni waliandika kwenye kundi: mambo ya jioni msituhesabu.

Zoom tuliijaribu. Akaunti ya bure hukatika baada ya dakika 40, na sisi nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye "mwanisikia?" Lakini kilichoniudhi hasa ni bando. Mtu amesimamishwa kazi, halafu tunamtaka anunue bando aje asikilize hotuba ya matumaini. Tukahamia sauti za WhatsApp: kila mwanachama anatuma moja kwa wiki, isizidi dakika moja, na uamuzi unapita kwa kuandika "naam" au "la". Maneno yalipungua, kazi ikaongezeka. Wazee wetu wawili, ambao mikutanoni walikuwa hawaachi kipaza sauti, walitii dakika yao kama askari.

Kufungwa kwa hoteli nako kulikuwa na neema yake. Kila mwanachama alikuwa akilipia chakula cha mkutano, elfu moja na kitu, ada ya klabu kando. Nikatuma ujumbe: anayeweza aendelee kulipia chakula asichokula. Wenye kazi bandarini na serikalini waliendelea. Waliokosa mshahara niliwaambia wasitume hata shilingi na wasiombe radhi. Mmoja akanijibu kwamba kuku wa hoteli ile hata hivyo alikuwa mkavu.

Pesa za mwanzo zilikwenda kwenye mapipa ya kunawia mikono, maana redio, wizara na kila shangazi walisema hivyo. Anayeijua Mombasa ameshacheka. Maji ya bomba hapa huja kwa zamu, kwingine hayaji kabisa, na watu hununua mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni. Tukaweka mapipa yenye koki stendi na sokoni. Koki moja iliondoka kabla ya magharibi. Pipa jingine lilibaki pale pale salama salmini, ila baada ya siku ya kulizindua halikuona maji tena. Dawa aliipata katibu wetu: pipa apewe mtu mwenye biashara yake hapo hapo. Tukamkabidhi mama wa viazi karai, tukamlipia maji, usiku analiingiza ndani, mchana hamuuzii mtu asiyenawa. Pipa analo mpaka leo, anaoshea mbatata.

Suala la lori na bango liliamuliwa na Kibera. Tarehe 10 Aprili, Ijumaa Kuu, watu walikanyagana kule Nairobi wakigombea msaada wa chakula, na wengine wakaumia vibaya. Baada ya picha zile mzee wa bango alinyamaza. Mwishoni mwa mwezi huo huo zikaenea habari za mjane wa hapa hapa Mombasa aliyechemsha mawe ili wanawe wadhani chakula kinaiva. Kwa hiyo njaa ipo, unga tunaweza kununua, lakini kukusanya watu hatuthubutu. Na ukibisha hodi nyumba hadi nyumba, mtaa mzima utakufuata nyuma.

Njia tuliyoipata ilianzia kwenye malalamiko. Mmoja wetu ana duka la rejareja, na sauti yake ya wiki ile ilikuwa ya uchungu mtupu: daftari lake la mkopo limejaa, bidhaa zinakwisha rafuni, hana pesa ya kwenda kwa wa jumla, na wateja wanaona haya hata kupita mbele ya duka. Niliisikiliza tena na tena. Orodha ya wenye shida, ambayo tulikuwa tunajiandaa kumwendea mzee wa mtaa atuandikie (na yeye angeanza na shemeji zake), ilikuwa imeshaandikwa na mtu anayewajua watu kwa sura, kwa idadi ya watoto na kwa tabia ya kulipa. Tukilipa deni, mama anakopa tena bila kuinamisha kichwa, mwenye duka anapata mtaji wa kujaza rafu, na hakuna foleni wala mpiga picha.

Alinitumia kurasa kwa WhatsApp. Karatasi zina alama za vidole vya mafuta, majina hayana ukoo: Mama Pacha, Fundi Viatu, Mwalimu wa Chuo, Bodaboda Mrefu, Bibi wa Ghorofani, Yule wa Paka. Chini ya kila jina kuna mstari baada ya mstari: unga nusu, mafuta ya kupima 20, sukari 30, majani 5, kiberiti. Ukizisoma zile kurasa kwa mpangilio wa tarehe unaiona korona ikiingia nyumbani kwa mtu. Februari kuna maziwa na mkate. Machi mkate haupo. Aprili ni unga na mafuta, mafuta na unga. Sheria yetu ikawa hiyo: tunamlipia aliyekuwa akilipa vizuri kabla ya Machi na deni lake likapanda baadaye. Mdeni sugu wa tangu 2018 amalizane na Mungu wake.

Kulipa kwenyewe kulikuwa na ujanja ninaojivunia. Tangu katikati ya Machi, kutumiana M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa bure. Deni la elfu mbili na mia kadhaa nililikata vipande vitatu, nikavituma kimoja kimoja. Mwenye duka wa pili tuliyemwingiza alidhani anatapeliwa, akazima simu. Ushahidi wangu wa hesabu ulikuwa picha: jina limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, tarehe pembeni. Mkaguzi wetu alinuna kidogo mwanzoni kwa sababu alitaka risiti. Nikamwambia aende akamwombe Yule wa Paka risiti.

Maduka yakaongezeka, na wajanja wakaja. Duka moja, silitaji, lilituletea daftari safi kupita kiasi. Wino mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na madeni yote ya duara: 1,500, 2,000, 2,500. Deni la kweli la dukani halina adabu hiyo. Deni la kweli ni 1,385, kwa sababu limejengwa kwa vijiti vya kiberiti na majani ya chai ya shilingi tano. Tukaomba tuongee na wadaiwa wawili watatu. Simu zikawa hazipatikani, wadaiwa wakawa wamehamia bara, ingawa Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungwa tangu 8 Aprili na hakuna aliyeruhusiwa kutoka. Ukitaka kufanya jambo hili kwenu, tazama tarakimu za mwisho kabla hujatazama jumla.

Kizaazaa kikubwa kilitoka kwenye uungwana wetu. Tulikubaliana mwenye duka asiseme nani amelipa. Wiki haikuisha, mume mmoja akaja dukani amevimba: ni mwanamume gani amelipa deni la mke wangu? Mwenye duka akaapa kuwa hamjui mwanamume yeyote. Jamaa akataka kuona simu. Kwenye simu kuna jina langu, nimetuma vipande vitatu usiku mmoja. Mke naye kafika, analia, anasema mwanamume huyo hamjui hata kwa sura. Nikapigiwa mimi niko kitandani, nikaanza kumweleza mtu nisiyemjua kwamba pesa si zangu, ni za klabu, tuko ishirini na kitu, wengi watu wazima sana.

"Ishirini?" akasema.

Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, alicheka mpaka akatoka chumbani. Ilibidi nimpe simu yeye, wakaongea kwa dakika kumi juu ya bei ya unga na shule kufungwa, na yule bwana akapoa. Siku ya pili mwenye duka alitupa jibu ambalo tungelijua tangu mwanzo: semeni ni sadaka ya Ramadhani. Mwezi ulikuwa umeandama mwishoni mwa Aprili, na Mombasa hakuna anayeuliza sadaka ya Ramadhani imetoka mfuko gani. Wanachama wetu Wakristo na Wahindu walitoa sadaka ya Ramadhani mwaka ule na hakuna aliyelalamika. Mpaka leo, iwe Januari au Septemba, dukani huitwa hivyo hivyo.

Kisha, tarehe 6 Mei, Mji wa Kale ukafungwa sambamba na Eastleigh ya Nairobi: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Ilitangazwa siku 15, ikaongezwa mpaka Juni, kwa hiyo Idi ikawakuta watu ndani ya vizuizi. Hapo ndipo waliotaka lori waliniudhi kwa mara ya mwisho, kwa sababu walikuwa wakitafuta kibali cha kupitisha magunia kizuizini, barua juu ya barua. Sisi tulikuwa na maduka mawili ndani tayari. Nilikaa sebuleni, nikatuma vipande vya chini ya elfu, na siku mbili kabla ya Idi tukaacha akiba kidogo juu ya kila jina ili watu wapate unga wa ngano na sukari ya kaimati. Wanachama wetu wawili waliofungiwa humo ndio waliokuwa macho yetu. Mmoja alirudisha habari kwamba Bibi wa Ghorofani hajashuka siku kadhaa, akapandishiwa vitu kwa kikapu cha kamba, kama wanavyofanya wenye ghorofa za kule siku zote.

Mambo mengine yalikwenda yenyewe. Mwaka wa Rotary huanza 1 Julai, rais wa klabu hubadilika, na mkufu wake lazima ufike shingoni mwa mpya. Wetu ulipelekwa na bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki ngumu, umepigwa sanitaiza mpaka ukanuka hospitali. Rais mpya aliuvaa jikoni kwake, akatuma picha, tukaandika "naam". Tarehe 25 Agosti, Afrika ilipotangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio, kazi ambayo Rotary imeichangia kwa miongo, sauti zilizidi dakika moja na sikumtoza mtu faini.

Vizuizi vya kaunti vilipoondolewa mwezi Julai, swali la chakula cha mchana lilirudi kabla hata hoteli haijafungua jiko. Nilipinga, nikashindwa nusu. Sasa tunakula hotelini mara moja kwa mwezi, wiki nyingine ni chai na mahamri ofisini kwa mmoja wetu, na tofauti inakwenda dukani. Kuna wenzetu bado wananiita adui wa kuku.

Juzi mmoja wa wale wenye maduka amenipigia. Anasema madeni ya wateja yamepungua, lakini yeye mwenyewe anadaiwa na wa jumla, je, klabu haiwezi kumfikiria? Nimemwambia amwombe wa jumla daftari, tutazame tarakimu za mwisho.