"Pika" na vizibo vinne vya soda

Fumbo lenyewe, la kuandikia programu, lilikuwa la mistari miwili. Unapewa neno na namba k. Unaruhusiwa kupishanisha herufi mbili zilizo jirani, mara zisizozidi k, upate neno litakalotangulia mengine yote katika mpangilio wa kamusi. Yaani unapanga, ila nusunusu, kadiri k inavyokuruhusu.

Nikajiambia hii ni ya dakika kumi. Nikaandika kwa Python, lugha ya programu, kile tulichofundishwa chuoni: anzia kushoto, ukikuta jirani wawili wamekaa vibaya wapishanishe, punguza k kwa moja. Nikajaribu "nazi", k ikiwa 2, nikapata "aniz". Sawa kabisa. Nikajaribu "pika", k ikiwa 3, ikaja "ikap". Jibu lilikuwa "apik".

Nikaanza kuongeza moja hapa na kupunguza moja pale kwenye kitanzi, ile sehemu ya programu inayojirudia (ugonjwa wetu huo). Wapi! Mwishowe nikaenda jikoni nikachukua vizibo vinne vya soda, nikaviandika herufi, nikaanza kuvisogeza mezani. Hapo ndipo nilipoona: hatua zangu zote tatu zinaishia kuisukuma p nyuma, wakati kinachotakiwa ni kuivuta a mbele. Kwenye kamusi, herufi ya kwanza ikishashinda, za nyuma hazina usemi.

Basi kwa kila nafasi nitazame kulia hadi hatua k, nichague herufi inayotangulia nyingine zote katika alfabeti, niivute, nitoe gharama yake, yaani hatua ilizovutwa, kwenye k. Zikifanana, nichukue ya karibu. Nikaandika haraka, ikatoka "aikp". Loh! Nilikuwa nimezipishanisha a na p moja kwa moja, kana kwamba ni jirani. Mtu akipenya foleni kutoka wa nne hadi wa kwanza, aliyekuwa wa kwanza hatupwi mwisho. Anakuwa wa pili, na wenzake nao wanarudi hatua mojamoja huku wananung'unika. Dawa ilikuwa mstari mmoja, wa kuitoa herufi kwenye nafasi j na kuipenyeza kwenye nafasi i:

herufi.insert(i, herufi.pop(j))

Majaribio madogo yote yakapita. Lile la herufi 100,000 likagoma, na si ajabu: kwa kila nafasi nilikuwa naikagua foleni nzima iliyobaki, na k ikiwa kubwa hizo ni karibu hatua bilioni 5. Nikaweka foleni 26, moja kwa kila herufi, kila foleni ikishika nafasi za herufi yake. Kisha nikatumia mti wa Fenwick, mpangilio wa data wa kujumlisha haraka alioueleza Peter Fenwick mwaka 1994, kuhesabu ni herufi ngapi ambazo hazijachukuliwa zimebaki mbele ya ile ninayoitaka. Hiyo ndiyo gharama yake halisi, na inapatikana kwa hatua zisizozidi 17 hivi.

Ilipopita ilikuwa saa saba na robo usiku. Asubuhi mwanangu akavikuta vizibo mezani, akavipanga "kipa", akabeba begi lake akaenda shule.