Kitambaa Kilichookotwa Kwenye Chemchemi ya Clarens

Mnamo Septemba 1348, wakati tauni ikienea Ulaya na Wayahudi wakishutumiwa kuwa wanaisababisha kwa kutia sumu visimani, katika ngome ya Chillon iliyo ukingoni mwa Ziwa Geneva, tabibu mpasuaji wa Kiyahudi aliyeitwa Balavigny, mkazi wa Thonon, aliteswa hadi akakiri kwamba ametia sumu katika chemchemi ya Clarens, si mbali na pale alipofungwa. Baada ya kukiri alipandishwa mashua na kupelekwa akaoneshe mahali penyewe. Aliposhuka alisema kwamba chemchemi ndiyo hiyo. Ikapekuliwa mbele yake, na katika mfereji unaotoa maji kikapatikana kipande cha kitambaa cha kitani, ambacho mwandishi wa hati alikiokota mbele ya mashahidi. Balavigny akaulizwa kama hicho ndicho kitambaa alichofungia sumu, naye akajibu kwamba ndicho.

Nimekulia katika nyumba ambayo maji yalitekwa kisimani, na kila aliyewahi kwenda kisimani alfajiri na ndoo yake anajua kwamba pale hakosekani kitambaa. Atakuta kata ya mtu iliyosahauliwa, kipande cha kanga kilichochanika, au tambara ambalo mtu alifulia akaliacha matopeni. Nilipoisoma habari ya Clarens kwa mara ya kwanza, nilikifikiria kitambaa hicho kwa siku nyingi kuliko nilivyozifikiria idadi za waliokufa. Mtu aliyekwisha kuteswa, aliyeletwa kwa mashua akiwa na walinzi, aliulizwa juu ya tambara lililoloa maji, na jibu lake likaandikwa, likatiwa muhuri, likanakiliwa, kisha likapelekwa mji mwingine kama ushahidi.

Huko Châtel, mfanyabiashara Agimet wa Geneva, ambaye kazi yake ilimfikisha hadi Venice kununua hariri, alihojiwa Oktoba 10 ya mwaka huohuo. Karani aliandika kwamba mtu huyo aliteswa kidogo, akaachwa, na baada ya muda mrefu akateswa tena kidogo. Kisha akakiri kwamba alimwaga sumu katika kisima cha Venice, na Calabria, na Apulia, na Toulouse, yaani karibu kila mahali ambako wahojaji wake walikuwa wamekwisha kusikia kwamba watu wanakufa. Neno hilo "kidogo" linanitia uchungu kuliko maelezo marefu ya mateso ambayo nimewahi kuyasoma kwingine, kwa sababu aliyeliandika alidhani linamsafisha.

Tauni yenyewe ilikuwa imeingia Messina, katika kisiwa cha Sicilia, mnamo Oktoba 1347, na kwa miaka michache iliyofuata iliua watu wa Ulaya kwa kiwango ambacho hakijaonekana tena, angalau theluthi moja yao. Hakuna aliyejua chanzo. Kitivo cha tiba cha Paris kilieleza mnamo Oktoba 1348 kwamba hewa imeharibika kutokana na kukutana kwa sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi mwaka 1345. Bakteria anayesababisha ugonjwa huo alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Ninayataja haya kwa kifupi kwa sababu ujinga wa tiba ndio utetezi unaotolewa mara nyingi zaidi: watu waliogopa, hawakujua, wakamrukia aliyekuwa karibu. Nimeutafakari utetezi huo na nimeshindwa kuukubali.

Shutuma ya sumu visimani ilikuwapo kabla ya kupata mtu wa kuibeba. Mwaka 1321, zaidi ya miaka 25 kabla ya tauni, wagonjwa wa ukoma nchini Ufaransa walichomwa moto kwa madai kwamba wanatia sumu kwenye maji, na Wayahudi wakaunganishwa nao. Aprili 1348 kule Narbonne, tauni ikiwa imekwisha kufika, waliokamatwa na kuuawa kwa kutia sumu walikuwa maskini na ombaomba, waliodaiwa kulipwa na maadui wa nchi, wala barua ya wakuu wa mji huo inayosimulia tukio haiwataji Wayahudi. Ila usiku wa kuamkia Aprili 14 kule Toulon, mtaa wa Wayahudi ulivamiwa na watu 40 wakauawa vitandani mwao na mitaani. Miezi mitano baadaye, kule Chillon, shutuma ilikuwa na majina, mapishi ya sumu, na kitambaa.

Kiswahili kina usemi wa "mbuzi wa kafara", nao umetoka katika sura ya 16 ya Mambo ya Walawi, pale kuhani anapoweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, akaziungama dhambi za taifa, kisha mbuzi akapelekwa jangwani. Ibada hiyo ni ya Wayahudi wenyewe, ya Siku ya Upatanisho, na neno letu "kafara", lililotujia kwa Kiarabu, lina mzizi mmoja na jina la siku hiyo kwa Kiebrania, Kippur. Nimeona vigumu kuliandika neno hilo katika habari hii bila kulisema hili kwanza.

Turudi kwenye maungamo ya Chillon. Mkuu wa ngome ya Chillon alituma nakala za maungamo hayo Strasbourg, mji mkubwa ulioko kando ya mto Rhine, ambao ulikuwa umeomba habari. Tauni ilikuwa haijafika huko. Mnamo Januari 1349 wawakilishi wa miji, mabwana na askofu walikutana Benfeld kujadili la kufanya, na wajumbe wa Strasbourg wakasema kwamba hawajui ubaya wowote wa Wayahudi wao. Ndipo walipoulizwa kwa nini, basi, wamevifunga visima vyao na kuziondoa ndoo. Walikuwa wamevifunga kweli. Kwa hiyo tahadhari ya mtu mwenye busara, aliyesikia uvumi akasema tujikinge kwanza, iligeuzwa kuwa ungamo lake mwenyewe kwamba anauamini uvumi huo. Sioni katika kumbukumbu zote za miaka ile swali lililotengenezwa kwa werevu mbaya kuliko hilo.

Peter Schwarber, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa mji, alishikilia kwamba Wayahudi wamepewa ahadi ya ulinzi yenye hati na muhuri, na kwamba mji hauwezi kuivunja. Baraza la mji wa Köln nalo lilikuwa limeiandikia Strasbourg mnamo Januari 12 likionya kwamba tauni ihesabiwe kuwa pigo la Mungu, na kwamba ghasia dhidi ya Wayahudi zikianza, hakuna ajuaye zitaishia kwa nani. Mafundi wa vyama vya kazi walimpindua Schwarber na wenzake mnamo Februari, wakaweka baraza jipya, na Jumamosi ya Februari 14, 1349, siku ya Sabato, Wayahudi wa Strasbourg walichomwa moto juu ya jukwaa la mbao lililojengwa ndani ya makaburi yao wenyewe. Mwandishi wa tarikh wa mji huo, Jakob Twinger von Königshofen, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, anataja watu wapatao 2,000. Waliokubali ubatizo waliachwa hai. Watoto wadogo walitolewa motoni na kubatizwa bila ridhaa ya wazazi wao.

Tauni ilifika Strasbourg miezi kadhaa baada ya hapo, katika kiangazi.

Basi iko wapi ile hofu iliyompumbaza mtu anayemzika mwanawe? Huyo Königshofen, ambaye hakuwa rafiki wa Wayahudi, aliandika waziwazi kwamba fedha ndiyo sumu iliyowaua, na kwamba lau wangekuwa maskini, na mabwana wasingekuwa na madeni kwao, wasingechomwa. Wayahudi walikuwa wamezuiwa kuingia katika vyama vya mafundi na katika sehemu kubwa ya kazi nyingine, na kwa kuwa kanisa liliwakataza Wakristo kukopesha kwa riba, kazi hiyo iliachwa mikononi mwao, nao wakachukiwa kwa kuifanya. Baada ya moto, rehani na hati za madeni zilirudishwa kwa waliokopa, na fedha taslimu zikagawanywa na baraza kwa vyama vya mafundi. Tarikh hiyo inaongeza kwamba baadhi ya mafundi, kwa ushauri wa mapadri wanaowaungamisha, walitoa fungu lao kwa ajili ya kanisa kuu. Yaani walijua.

Papa Clement VI, akiwa Avignon, alitoa barua mbili katika mwaka 1348, moja Julai na nyingine Septemba, akikataza Wayahudi kuuawa, na katika hiyo ya pili alitoa hoja ambayo mtu yeyote mwenye macho angeweza kuitoa: tauni inawaua Wayahudi wenyewe, nayo inaua katika nchi ambazo hakuna Myahudi anayeishi. Hoja hiyo inafaa kukumbukwa leo, kwa sababu bado nakutana na maelezo kwamba Wayahudi walishutumiwa kwa kuwa walinawa mikono na hivyo hawakufa sana. Maelezo hayo husemwa kwa nia njema, lakini ushahidi wa wakati ule hauyaungi mkono. Konrad wa Megenberg, mwandishi wa Kijerumani wa karne hiyohiyo, aliandika kwamba kule Vienna Wayahudi walikufa kwa wingi hata ikabidi makaburi yao yaongezwe. Tena maelezo hayo yanaendelea kutafuta kwa waliouawa sababu ya kuuawa kwao.

Kisa cha mfalme ni kizito zaidi. Kisheria Wayahudi wa Ujerumani walikuwa mali ya hazina ya mfalme, walimlipa kodi ili awalinde. Juni 1349 Mfalme Karl IV alimwandikia hati bwana mmoja wa Brandenburg akimruhusu kuchagua nyumba tatu zilizo bora za Wayahudi wa Nürnberg, pale Wayahudi hao watakapouawa. Walikuwa hai. Waliuawa Desemba 5 ya mwaka huo, watu 562 kwa kumbukumbu iliyohifadhiwa na jamii yao, na mahali penye sinagogi lao likajengwa kanisa la Bikira Maria ambalo lipo hadi leo, mbele ya soko.

Mwaka jana nilifika Erfurt, katikati ya Ujerumani, ambako Wayahudi waliangamizwa Machi 21, 1349, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tauni kuingia mjini. Sinagogi lao halikubomolewa. Liligeuzwa ghala, na karne nyingi baadaye likawa na ukumbi wa dansi, hadi lilipofanywa jumba la makumbusho mwaka 2009. Chini ya ghorofa ya ardhini imewekwa hazina iliyochimbuliwa mwaka 1998 karibu na hapo, chini ya ukuta wa chumba cha chini ya ardhi: sarafu za fedha zaidi ya 3,000, vikombe, vifungo vya nguo, na pete moja ya harusi ya dhahabu. Juu ya pete pana nyumba ndogo yenye paa lililochongoka, na juu ya paa zimechorwa herufi za Kiebrania zinazosomeka "mazal tov", heri njema. Pete hiyo ni kubwa mno kuvaliwa kila siku. Ilivaliwa kwenye harusi, kisha ikawekwa. Aliyeifukia aliifunika vizuri, kama mtu anayetarajia kurudi.