Bandeji ya Goti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tusome Mwanzo 33:1-17. Ukiweza, isome kwanza ndipo uendelee, maana mimi nitaanzia mbali kidogo, kwenye goti langu.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tunakimbia nusu marathoni pamoja, huu mwaka wa saba. Kilomita 21 na mita 97, na ile nusu mita ya mwisho inayouma kuliko zote. Si watu wa kupanda jukwaani sisi. Tukifika kabla waandaaji hawajaanza kukunja mahema, tunamshukuru Mungu. Lakini kati yetu wawili vita ni vikali. Mama ana daftari ambalo ameandika muda wa kila mmoja, mwaka kwa mwaka, na hadi kufikia mwaka jana hesabu ilikuwa tatu kwa mbili. Zile tatu hazikuwa zangu. Na mdogo wangu si mtu wa kushinda kimya kimya. Nikichelewa kufika kwenye jambo lolote la familia, hata kama ni dakika mbili, atauliza kwa sauti ya upole kabisa kama nilianza kwa kasi mno nikaishiwa pumzi njiani.

Niseme ukweli, utani huo ndio unaoniamsha saa kumi na moja alfajiri. Nimejaribu kukimbia peke yangu kwa ajili ya afya, nikadumu wiki tatu. Afya haina mdomo. Mdogo wangu anao.

Sasa niungame. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya mbio, nilimwambia goti linanisumbua. Halikuwa linanisumbua. Nilitaka abweteke. Nikaacha kwenda naye mazoezi ya Jumamosi, nikawa naenda peke yangu kupanda kilima, mara nane, mara kumi, halafu jioni nikizungumza naye kwenye simu nasema, "Leo nimepumzika tu, daktari kasema nisilichoshe." Daktari gani? Siku ya mbio nikatoa bandeji ya kahawia kwenye droo, ile ya kuvutika, nikaifunga gotini vizuri, chini kidogo ya kaptura, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuiona.

Nilichokuwa nimepanga ni kwamba ataniacha kwa dharau, akimbie kivivu, kisha nimnase mwishoni. Hakuniacha. Kilomita ya saba nilimkuta amepunguza mwendo ananingoja. "Goti vipi, dada?" Nikasema linavumilika. Kwenye kituo cha maji cha kilomita ya 12 alichukua vikombe viwili akanipa kimoja ili nisisimame. Kilomita ya 16 akaniambia tukitembea kidogo hakuna atakayetucheka. Nikamjibu tuendelee tu, taratibu. Na zilipobaki mita 200, utepe unaonekana, nikachomoka.

Saa 1, dakika 47 na sekunde 3. Yeye sekunde 12. Tofauti ya sekunde tisa. Mama akaandika tatu kwa tatu. Kuna picha niliyopigwa nikivuka mstari: mikono juu, mdomo wazi, na bandeji imeshuka hadi kwenye muundi. Mwaka ule mdogo wangu alikuwa amejiandaa kukimbia chini ya saa 1 na dakika 45. Alikuwa akiisema namba hiyo tangu mwanzo wa mwaka, na mimi nilikuwa naijua.

Hakuna aliyenikemea, kwa sababu hakuna aliyejua. Nilikuwa nasoma Mwanzo kwa mpangilio wangu wa kawaida wa kila asubuhi, nikafika sura ya 27, pale Rebeka anapochukua ngozi za wana-mbuzi na kumfunika mwanawe Yakobo mikononi na shingoni penye ulaini, ili baba mzee asiyeona akipapasa adhani ni Esau, pacha wake mkubwa, na kumpa baraka ya mkubwa. Nimeisoma habari hiyo tangu Shule ya Jumapili. Safari hii, badala ya ngozi, niliona bandeji ya kahawia ya kuvutika.

Ndugu hawa wawili walianza kushindana kabla hawajaona jua. Walisukumana tumboni mpaka mama yao akaenda kumuuliza Bwana kulikoni. Siku ya kuzaliwa, wa pili akatoka ameshika kisigino cha wa kwanza, na jina lake, Yakobo, limefungwa na neno la Kiebrania la kisigino. Mkimbiaji yeyote anaujua mkono huo. Ndio mkono wa anayeona mgongo wa mwenzake mbele na kutamani kuuvuta nyuma, maana kumpita kwa miguu yake mwenyewe hana hakika. Esau baadaye alisema kwa uchungu kwamba jina hilo lilimfaa ndugu yake, kwa kuwa alimdanganya mara mbili.

Kwa maoni yangu, kosa la Yakobo halikuwa kutaka kufika mbele. Mungu mwenyewe alikwisha kusema kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Kosa lilikuwa ngozi. Alitaka kupata kwa kujifanya mtu mwingine kile ambacho angepewa akiwa Yakobo.

Kisha Yakobo akaikimbia hasira ya Esau, ikaja miaka 20 ya kukaa mbali. Turukeni hapo, ingawa Labani, mjomba aliyekaa kwake, angestahili tafakari yake, maana mdanganyifu naye alipata wa kumdanganya.

Sura ya 33 inapofunguka, Yakobo anainua macho na kumwona Esau anakuja na watu 400. Na tazama Yakobo yuko katika hali gani. Usiku uliotangulia amepigana mweleka mpaka alfajiri, uvungu wa paja lake umeteguka, na mwisho wa sura ya 32 tunaambiwa alikuwa akichechemea. Safari hii hakuna ngozi. Mguu ni mbovu kweli. Anasonga mbele ya wake zake na watoto, anainama hadi nchi mara saba, na sijui kama umewahi kujaribu kuinama na kuinuka mara saba ukiwa na nyonga iliyoteguka. Ndipo Esau anapokimbia. Maandiko yanasema alikuja mbio kumlaki, akamkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, wakalia. Shingo ile ile iliyofunikwa ngozi.

Nilifunga Biblia, nikachukua simu, nikairudisha mezani. Nikaichukua tena siku ya tatu. Nikamwambia tukutane Jumamosi, na tulipofika kilomita ya pili, bado miili haijachangamka, nikamwambia yote. Goti, kilima, daktari asiyekuwepo. Nilitegemea acheke. Ndiye bingwa wa utani, si ndiyo? Aliendelea kukimbia kama mita mia hivi bila kusema neno, kisha akasimama.

"Kwa hiyo zile dakika mbili nilizipoteza kwa ajili ya bandeji?"

Akageuka akarudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Nayasema haya kwa sababu tunapenda kuhubiri kuungama kana kwamba ukishasema tu, Esau tayari yuko barabarani anakimbia. Yakobo alitanguliza zawadi makundi kwa makundi, akalala usiku na hofu. Ndugu aliyedanganywa ana haki ya kuchelewa.

Nikiwa nakimbia peke yangu wiki hizo nilikaa sana kwenye mstari wa 14, ambao sikumbuki kama nimewahi kuusikia ukihubiriwa. Esau amesema waondoke, yeye atatangulia. Na Yakobo, aliyezaliwa ameshika kisigino, anamjibu bwana wake atangulie, yeye atafuata polepole kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Atangulie! Maisha yake yote alikuwa akipigania neno hilo. (Wanaoendelea hadi mstari wa 17 wataona kwamba Esau alielekea Seiri na Yakobo akaishia Sukothi. Bado kidogo ni Yakobo yule yule. Mungu hana haraka.)

Paulo anawaandikia Warumi, sura ya 12 mstari wa 10: "Kwa pendo la udugu, mpendane ninyi kwa ninyi, kwa heshima mkiwatanguliza wenzenu." Nilipokuwa mdogo katika imani nilidhani kutanguliza ni kuachia. Mwache ndugu yako ashinde, ujifanye umechoka. Sasa naona kujifanya umechoka na kujifanya unaumwa ni bandeji moja, umeifunga tu mguu mwingine. Ukimwachia mkimbiaji ashinde, atajua, na utakuwa umemwambia kwamba humhesabu kuwa mtu wa kushindana naye. Katika mbio, kumheshimu ndugu ni kumpa yote uliyonayo, miguu na mapafu na ukweli, halafu akikupita ufurahie mgongo wake.

Mwaka 2016, huko Cozumel nchini Meksiko, Jonny Brownlee alikuwa anaongoza mashindano ya triathloni, wanaogelea, wanaendesha baiskeli, wanamalizia kwa kukimbia. Zikiwa zimebaki mita mia chache joto likamzidi, akaanza kuyumba kama mlevi. Nyuma yake alikuja kaka yake, Alistair. Mwezi mmoja tu kabla, kwenye Olimpiki ya Rio, Alistair alikuwa amechukua dhahabu na Jonny fedha, na hakuna aliyemhurumia mwenzake. Cozumel, Alistair aliuweka mkono wa mdogo wake shingoni, akamburuta. Henri Schoeman akawapita akashinda. Na walipofika mstarini, kaka akamsukuma mdogo avuke kwanza. Jonny wa pili, Alistair wa tatu. Watu huisimulia kama habari ya mtu aliyeacha kushindana. Mimi naona kaka angemkimbiza mdogo wake bila huruma kama miguu ya mdogo ingekuwa mizima. Na miguu ile ilikuwa imekwisha kweli.

Kuna kitu kingine. Waebrania 10:24 inatuambia tuangaliane na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri. Neno la Kigiriki lililotumika hapo, paroksismos, si laini hata kidogo. Ni kuchokonoa, kumtia mwenzako joto. Neno hilo hilo liko Matendo 15:39, Paulo na Barnaba walipokosana juu ya Marko, jamaa yake Barnaba, na tafsiri tuliyoizoea inasema palitokea mashindano baina yao hata wakatengana. Moto mmoja, huku unapika, kule unaunguza nyumba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema waamini wasishindane. Nyumba yetu bila utani ingekuwa baridi. Nilichokosea ni kuufanya mdomo wa mdogo wangu kuwa adui, wakati ulikuwa ndio unaoniamsha.

Na Yohana naye! Asubuhi ya ufufuo, yeye na Petro wanakimbia kaburini, na Injili yake inatuarifu kwamba yule mwanafunzi mwingine alikwenda mbio upesi kuliko Petro. Mistari minne mbele inatukumbusha tena, aliyekuwa wa kwanza kufika. Kaburi liko wazi, ulimwengu umegeuka, na bado ipo nafasi ya kusema nani alimshinda nani. Nikisoma hapo huwa natabasamu. Lakini aliyeshinda alisimama mlangoni akainama, akaona vitambaa, hakuingia. Akamngoja mzito afike, na mzito akaingia kwanza.

Mdogo wangu alirudi Jumamosi ya tatu. Hakusema kitu kuhusu goti, nami sikuuliza. Tulikimbia kilomita 14, yeye mbele muda wote. Tulipomaliza alidai mwaka ule ufutwe kwenye daftari. Mama akavua miwani, akamjibu kama Pilato: "Niliyoandika nimeyaandika." Ila nikiliangalia daftari sasa, pembeni ya muda wangu wa mwaka jana kuna neno moja dogo kwa mwandiko wake: goti.

Mwezi uliopita tulikimbia tena. Nilikimbia kwa nguvu zote nilizonazo na hazikutosha. Alinipotea machoni kabla ya kilomita ya tano. Baadaye nilikuja kujua alimaliza kwa saa 1, dakika 44 na sekunde 31. Mimi nilikuwa nyuma yake dakika tano nzima, natweta, nimebakiza kona moja, nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa amekwisha vaa medali, amerudi nyuma nje ya kamba, anakimbia sambamba nami akipiga kelele njia nzima isikie:

"Goti vipi, dada? Goti!"

Mama mmoja mtu mzima, aliyesimama kando na chupa ya maji mkononi, akaniangalia miguu kwa huruma akasema, "Pole, mwanangu."