Koti jeusi mwaloni Kibirizi

Saa kumi na nusu alfajiri. Kabla sijafumbua macho naanza na vidole vya miguu. Nakunja, nakunjua. Magoti. Nyonga ya kushoto, hii ndiyo korofi, naikagua mara mbili. Mgongo. Mwisho kifua: navuta pumzi ndefu na kuisikiliza. Kifua kikibana na homa ikapanda juu yake, hapo hakuna cha kusubiri kesho, ni hospitali moja kwa moja. Leo pumzi inaingia na kutoka bila kuchoma. Mke wangu anaona nimekaa kitako, anainuka kunipashia maji ya kuoga bila kuuliza.

Nina miaka 34, nina selimundu, yaani siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa, na ni karani wa dagaa hapa Kigoma. Nilipokuwa na miaka 6, jirani alimwambia mama mbele yangu asipoteze ada ya shule, kwani watoto wa siko seli hawafiki 18. Umri wangu nauandika kwa makusudi. Kuna mzazi anaambiwa maneno hayo hayo leo.

Saa kumi na moja. Chai ya rangi, muhogo wa jana, kidonge cha foliki asidi. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwingine huishi siku 120 hivi. Zangu huishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo mwili wangu unafyatua nyingine usiku na mchana, na foliki ni malighafi ya kazi hiyo. Mabaki ya zile zilizokufa ndiyo yanayonipaka manjano machoni. Kwa rangi hiyo moja watu wameshanitangazia ini, ukimwi, na kurogwa na ndugu wa baba.

Navaa koti langu jeusi zito na kujaza chupa ya lita moja na nusu. Nitaijaza tena mchana, maana lita 3 kwa siku ndiyo dawa yangu ya kwanza. Bodaboda kutoka Gungu, nimefunga koti mpaka kidevuni.

Saa kumi na mbili, vipe, mitumbwi ya dagaa, vinarudi kutoka ziwani, vimekesha na taa. Upepo wa alfajiri wa Tanganyika unapenya. "Mwakeye," nawasalimu akina mama wanaosubiri na mabeseni. Halafu inakuja sehemu ya siku ninayoichukia. Mtumbwi ukigusa mchanga, sauti inapigwa: "Wanaume, haya!" Kila mwanaume aliye karibu, awe mchuuzi, mpita njia au kijana wa bodaboda, anaingia majini mpaka mapajani na kusukuma. Mimi nabaki nimesimama na daftari.

Kuna mvuvi mmoja, kila siku lazima aseme. Leo kasema, "Mzee wa Koti, daftari litalowa?" Wenzake wakacheka.

Mwaka 2019 nilisukuma. Nilikuwa mgeni kwa tajiri mwingine, nimeficha ugonjwa wangu, sikutaka kuonekana. Siku ya tatu nilianguka. Ubaridi na kazi nzito vinafanya chembe zangu zijipinde kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo kama magugu kwenye nyavu, na nyama na mifupa iliyo mbele yake inakosa hewa. Maumivu yake siwezi kuyaeleza vizuri zaidi ya hivi: nililia kwa sauti mbele ya mama mkwe. Nililazwa siku 9. Huko nilikolazwa, muuguzi mmoja alimwambia mwenzake, nasikia, "Huyu kazoea sindano, anazitafuta." Nilipotoka, kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Tangu siku hiyo sisukumi, waseme watakavyo. Ila ningedanganya nikisema hainiumi.

Saa mbili mpaka saa nne ni kazi tupu. Mabeseni yanapita, napiga vijiti vinne na cha tano nakilaza juu yake, jina la mama, idadi, bei, alicholipa, anachodaiwa. Dagaa wabichi wanapelekwa kwenye vichanja kuanikwa. Hapa naijua thamani yangu. Mwaka huu wote hakuna aliyebishana na daftari langu akashinda.

Lakini niseme kuhusu choo, maana hakuna anayekisema. Figo za mtu wa selimundu haziwezi kuukaza mkojo kama za wengine. Unakunywa maji mengi, unakojoa mengi, na hata usipokunywa unakojoa tu. Choo kiko mbali na maji, kila kuingia ni shilingi 200, na karani akiondoka foleni ya mabeseni inasimama. Mara tano kwa asubuhi moja. "Tena?" wananiuliza. Kwa miaka mingi nilitatua jambo hili kwa kutokunywa maji kabisa mpaka mchana. Nilijiona mjanja. Wenzangu wengi mnaosoma mnafanya hivyo, ofisini, darasani, kwenye basi la safari ndefu. Tafadhali acheni. Aibu ya choo imenipeleka wodini mara nyingi kuliko baridi.

Saa nne na nusu, ikaanza. Si nyonga, ni muundi wa kulia, kitu kama jino linalouma ndani ya mfupa. Zamani ningenyamaza nikaendelea kuandika mpaka mkono utetemeke. Leo nilimfuata bosi wangu, mama wa makamo ambaye nilimweleza kila kitu siku ananiajiri. Nilimwambia, "Mama, mguu umeanza."

Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Basi. Hakuna pole ndefu, hakuna macho ya huruma. Akakaa kwenye kigoda changu na kuendelea na vijiti pale nilipoishia. Mimi nikaenda kivulini nyuma ya ghala, nikameza paracetamol, nikamaliza chupa, nikaweka chupa ya maji ya moto niliyoipata kwa mama ntilie juu ya muundi, nimeifunga kwa kanga yake. Diclofenac siigusi bila kuambiwa na daktari, kwa sababu ya figo zile zile.

Saa saba maumivu yalikuwa yamerudi chini, nikala ugali na migebuka. Kijana wa kubeba mizigo akaniuliza kwa wema kabisa, "Kaka, si nyinyi hamuugui malaria?" Nikamweleza. Anayelindwa kiasi na malaria kali ni aliyerithi nusu, kutoka kwa mzazi mmoja, yaani AS. Sisi wa SS, tuliorithi kwa wazazi wote wawili, hatulindwi, na malaria ikitupata inatukausha damu upesi. Mimi na chandarua hatuachani. Akauliza kama nitazaa wagonjwa. Hilo ndilo swali wakwe zangu waliligeuza kikao cha familia. Mke wangu alipima kabla ya ndoa, ni AA, hakurithi kwa mzazi yeyote. Watoto wetu wote watakuwa AS, hatapatikana hata mmoja wa kuugua. Hatari ipo wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto wa SS. Nikamwambia akapime kabla ya kuoa. Akacheka, kisha akanyamaza.

Saa kumi jioni nikafunga hesabu na bosi, senti kwa senti. Hakutaja mguu. Aliniambia tu kesho nichelewe nusu saa, upepo upungue.

Saa tatu usiku. Vidonge viwili vya haidroksiurea, miligramu 500 kila kimoja. Vinauamsha mwili utengeneze ile hemoglobini ya kitoto tuliyozaliwa nayo, ambayo inazizuia chembe kujipinda. Tangu nianze nalazwa mara chache, ila lazima nipime damu mara kwa mara. Nilihesabu vilivyobaki kwenye kopo: 22. Siku 11. Wiki ijayo ni foleni ya kliniki, na nauli na fedha ya dawa nimeziweka kando tayari.

Nilitoka nje kumwaga maji, nikaona mwezi umeanza kunenepa. Siku chache zijazo mbalamwezi itakuwa kali, dagaa hawatafuata taa, na mwalo mzima utalala. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3 kuanzia Mei 15, fedha ilikosekana kila nyumba, lakini kwa mara ya kwanza nilikaa barazani na wanaume wenzangu saa mbili asubuhi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sijaenda kazini. Nimefua koti, nimelianika kwenye kamba.